Sura ya Tano: Mashine Isiyo na Siku ya Kupumzika

Umeme unaoendesha migodi ya mkoa wa Lualaba, nchini Kongo, hautoki wote karibu. Upo unaozalishwa Nzilo na Nseke, kwenye mto Lualaba wenyewe, na upo unaosafiri kilomita zipatazo 1,700 kutoka maporomoko ya Inga, upande wa Atlantiki, hadi kituo cha kubadilishia umeme cha Kolwezi. Njia hiyo ya Inga ilikamilika mwaka 1982, na kwa karibu miaka 30 hapakuwa na nyingine ya aina yake ndefu kuliko hiyo duniani. Inabeba mkondo mnyoofu kwa volti 500,000, upande chanya na upande hasi, na kila upande una mitambo yake mwanzoni na mwishoni. Upande mmoja ukizimwa kwa matengenezo, mwingine unaweza kuendelea peke yake kwa nusu ya nguvu, mkondo ukirudi kupitia ardhini. Baadaye kampuni ya ABB ilipopewa kazi ya kukarabati vituo vya njia hiyo pamoja na mifumo yake ya udhibiti, uwezo huo wa kufanya kazi kwa upande mmoja ulikuwa umeshachorwa kwenye ramani tangu mwanzo.

Kwa nini mtu ajisumbue kujenga kila kitu mara mbili? Nenda Luilu, kwenye kiwanda kilichojengwa enzi za kampuni ya Union Minière na ambacho leo kimo ndani ya Kamoto Copper Company. Hatua ya mwisho ya kupata shaba safi ni kupitisha umeme kwenye matangi ya tindikali ambamo shaba imeyeyushwa. Shaba hujikusanya juu ya mabamba, siku baada ya siku, hadi mabamba yanenepe na kutolewa. Umeme ukikatika, tindikali haisubiri: inaanza kuitafuna shaba ileile iliyokwisha kujengwa. Kwa watu wa kazi hiyo, kuzima si kupumzika, ni kurudi nyuma.

Sura hii inahusu mashine ndogo zaidi, kompyuta, lakini swali ni hilohilo: unabadilishaje kitu ambacho watu wanakitegemea saa hii? Ninachokiamini ni hiki: cha zamani kisiguswe mpaka kipya kisimame na kionekane kinafanya kazi, na hata hapo njia ya kurudi ibaki wazi kwa muda. Mengine yote yatakayofuata, amri, faili na ratiba, ni namna za kulitimiza hilo.

Mfumo endeshi ndio programu iliyo chini ya programu nyingine zote. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaosoma na kuandika diskini, unaozungumza na printa na kibodi, na unaoamua programu ipi ipewe zamu kwenye kichakataji. Windows ni mfumo endeshi, Android pia, na Linux katika sura zake nyingi. Ndiyo maana kuubadilisha huku kazi zikiendelea kunawatisha watu, na wengi hukimbilia kuahirisha mwaka hadi mwaka.

Mfano ulio wazi kuliko yote umo mfukoni. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2016, Android imewaruhusu watengenezaji kuigawa hifadhi ya simu ili mfumo uwe na nafasi mbili, A na B. Simu inapoendeshwa kutoka A, sasisho linaandikwa B, polepole, wakati wewe unapiga simu au unasikiliza redio. Hakuna faili hata moja ya mfumo unaotumika inayoguswa. Ukija kuizima na kuiwasha, simu inaamkia B. Ikishindwa kuamka mara kadhaa, inarudi A yenyewe, na mwenye simu huenda asijue kwamba kulikuwa na hatari. Gharama yake ni nafasi ya hifadhi, kwa hiyo matoleo ya baadaye yalibuni njia ya kuhifadhi tofauti tu kati ya mfumo wa zamani na mpya. Watu wa Kolwezi wana haki ya kulijua jambo hili kwa undani kuliko wengi: Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, na betri za simu hizi zimejaa kobalti. Si haki mtu aichimbe mali ghafi ya kifaa halafu aambiwe yaliyomo ndani yake hayamhusu.

Kompyuta ya kawaida, kwa bahati mbaya, haina A na B. Chukua zile ofisi ndogo za kuchapa zinazoitwa secrétariat public, ambazo komuni za Manika na Dilala mjini Kolwezi zimejaa tele. Kompyuta moja, printa moja, mashine ya kutoa kopi, na foleni ya watu wenye barua za kuomba kazi mgodini, vyeti vya kuzaliwa na ankara. Diski ni moja. Umeme unakuja na kuondoka kadiri ya délestage, yaani mgao wa umeme. Tuseme kompyuta hiyo inatumia Debian 12, mojawapo ya sura za Linux, na mwenyewe anataka kuhamia Debian 13 iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025. Je, inawezekana mteja akaendelea kuchapiwa barua yake huku mfumo ulio chini unabadilishwa? Inawezekana, na sababu inastahili kuangaliwa kwa karibu.

Chukua faili moja tu, libssl.so.3, maktaba inayotumiwa na programu nyingi kuficha siri za mawasiliano. Kisakinishi cha Debian, dpkg, hakiandiki juu yake. Kwanza kinaandika faili mpya kando yake, yenye jina libssl.so.3.dpkg-new. Kinasubiri hadi yote iwe imeshuka diskini kweli. Ndipo kinaiomba Linux ilihamishe jina: kuanzia sasa libssl.so.3 ni faili mpya. Uhamisho huo ni tendo moja lisilogawanyika. Hakuna nukta ya sekunde ambayo programu inaweza kulitafuta jina hilo ikakuta nusu ya faili, au isikute kitu.

Na ile ya zamani? Haijafa. Katika mifumo ya ukoo wa Unix, uliozaliwa Bell Labs mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, jina la faili na faili yenyewe ni vitu viwili. Jina likiondolewa, faili inaendelea kuwepo diskini maadamu ipo programu iliyoifungua. Ni sawa na kibao cha anwani kuhamishiwa nyumba mpya: wageni wa leo wanaelekezwa huko, lakini wapangaji wa nyumba ya zamani hawafukuzwi, na nyumba inabomolewa tu mpangaji wa mwisho anapotoka. Kwa hiyo programu inayochapa barua ya mteja inaendelea na maktaba yake ya zamani, nzima, bila kukwazika. Itakayofunguliwa dakika tano baadaye itapata mpya. Windows hushika njia nyingine: faili inayotumika hufungwa isiandikwe juu wala kufutwa, na ndiyo maana Windows inakuomba uizime na kuiwasha mara nyingi kuliko Linux.

Uzuri huo wote hautasaidia kitu umeme ukikatika mahali pabaya. Hapa ndipo maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya miji yenye umeme wa uhakika yanapopungukiwa, na ndipo fundi wa Lualaba anapohitaji utaratibu wake mwenyewe. Tenganisha kupakua na kusakinisha. Ukishaielekeza kompyuta kwenye toleo jipya na kuendesha apt update, andika apt full-upgrade --download-only. Hapo vifurushi vinashuka na kukaa kwenye folda /var/cache/apt/archives, na hakuna kinachobadilika kwenye mfumo. Mtandao ukikatika, umeme ukiondoka, mega zikiisha, hakuna hasara. Kesho unaendelea ulipoachia. Kazi hii huweza kuchukua gigabaiti moja au zaidi, na kwa bei ya mega za Vodacom, Airtel au Orange hilo si jambo dogo. Mwenye kompyuta mbili za aina moja asipakue mara mbili: vifurushi vinakopika kwa flashi kutoka folda hiyo hadi folda kama hiyo kwenye mashine ya pili, na apt itavilinganisha na orodha yake kabla ya kuvikubali.

Kusakinisha ndiko kunakohitaji umeme usioyumba, na huchukua muda mfupi kuliko kupakua. Kwa laptopu, betri iwe imejaa. Kwa kompyuta ya mezani, iwepo onduleur (UPS) ambayo betri yake imejaribiwa mwezi huu, maana nyingi hubaki kuwa mapambo. Kabla ya hapo nakala ya akiba ya kazi zote iwe kwenye diski ya nje, na faili moja au mbili zifunguliwe kutoka kwenye nakala hiyo ili ithibitike kwamba zinasomeka. Usiruke toleo: anayetumia Debian 11 apitie 12 kwanza. Angalia pia kwa amri ya df kwamba sehemu ya /boot ina nafasi, kwa sababu huko ndiko kiini kipya cha mfumo (kernel) kitakakowekwa pembeni ya kile cha zamani. Kikikosa nafasi katikati ya kazi, utapata tabu ambayo ungeikwepa kwa dakika moja ya kutazama.

Basi unaanza kwa apt upgrade --without-new-pkgs, inayosasisha yale yasiyohitaji vifurushi vipya, kisha apt full-upgrade. Kama mashine iko mbali, tuseme seva ya ofisi iko Fungurume na fundi yuko Kolwezi, usiendeshe amri hizi moja kwa moja kwenye dirisha la mbali. Laini ikikatika, dirisha linakufa na huenda kazi ikafa nalo. Fungua tmux kwanza, ambayo huishi ndani ya seva yenyewe. Ukirudi mtandaoni unaikuta kazi inaendelea. Ubuntu imeliona hili kiasi kwamba ukiianzisha do-release-upgrade kutoka mbali, inajifungulia mlango wa pili wa akiba, namba 1022, ili ukifungiwa ule wa kawaida upate pa kupitia.

Na umeme ukikatika hata hivyo? Usiogope, wala usikimbilie kufuta diski na kuanza upya, kosa ambalo limepoteza kazi za watu wengi bila sababu. Kisakinishi huandika daftari: kifurushi hiki kimefunguliwa, hiki kimefunguliwa na kuwekwa sawa, hiki bado. Umeme ukirudi, amri ya dpkg --configure -a inasoma daftari na kumalizia vilivyobaki njiani. Amri ya apt --fix-broken install inaziba mapengo. Sehemu inayotia wasiwasi kweli ni pale faili za kuwashia kompyuta zinapojengwa. Ndiyo maana kiini cha zamani hakifutwi. Kompyuta ikikataa kuamka na kiini kipya, orodha ya kuwashia inakuruhusu kuchagua kile cha jana. Nimewaona watu wakifuta viini vya zamani ili kupata nafasi, tena jioni ileile ya kusasisha, wakiikata njia ya kurudi kabla hawajafika waendako.

Wenye mfumo wa faili wa ZFS au Btrfs wana silaha nzuri zaidi. Kwa sekunde chache wanapiga picha ya mfumo wote kabla ya kuugusa, na mambo yakiharibika wanaiamsha kompyuta kutoka kwenye picha hiyo. Solaris iliwazoesha mafundi wake jambo hili zamani, FreeBSD inalo kupitia amri ya bectl, na openSUSE huzipiga picha hizo yenyewe kila unaposakinisha. Ila picha iko kwenye diski ileile. Diski ikifa, vinakufa vyote viwili, kwa hiyo nakala ya nje bado inahitajika.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu wengi wanakosea wakiwa na nia njema. Ile hali ya programu inayofanya kazi kubaki na faili ya zamani ni neema wakati wa kusasisha, lakini kazi hiyo ikishamalizika inageuka kuwa udanganyifu. Aprili 2014 ilitangazwa dosari ya OpenSSL, ambamo ile libssl imo, iliyopewa jina Heartbleed, iliyomwezesha mtu wa mbali kunyonya siri kutoka kwenye kumbukumbu ya seva. Kuweka maktaba mpya peke yake hakukutosha. Seva ya wavuti iliyowashwa mwezi uliopita iliendelea kuitumia maktaba yenye tundu, kwa sababu ilikuwa imeishikilia kumbukumbuni. Orodha ya vifurushi ilisema umepona, na mshambuliaji aliendelea kunyonya. Dawa ni kuziwasha upya huduma husika, moja baada ya nyingine, katika saa isiyoumiza. Programu iitwayo needrestart hukagua nani bado ameshikilia faili iliyokwisha kubadilishwa na kukutajia. Itumie kila mara, na usiamini ujumbe wa mafanikio kabla hujaiona orodha hiyo ikiwa tupu.

Kiini cha mfumo kiko vivyo hivyo, tena zaidi: kilichomo kumbukumbuni hakibadiliki mpaka uizime mashine na kuiwasha. Au ndivyo ilivyokuwa hadi watafiti wa MIT walipoleta Ksplice, ambayo Oracle iliinunua mwaka 2011. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2015, Linux yenyewe ina uwezo huo. Kiraka kinapakiwa kumbukumbuni kando ya kiini kinachofanya kazi, kisha mwanzoni mwa kipande chenye dosari panawekwa agizo la kuelekeza njia: usipite hapa, pita kwenye kipande kipya. Kazi hazisimami hata kidogo. Lakini ni viraka vya kuziba matundu, si vya kukupeleka toleo jipya. Dosari inayogusa namna data inavyopangwa kumbukumbuni huwa ngumu mno kuzibwa hivyo. Seva inayoringia siku 900 bila kuzimwa inanitia hofu kuliko kunivutia. Nani anajua kama itaamka ikizimwa na délestage?

Kwenye Windows sitakaa sana. Kazi nyingi ya kuhamia toleo jipya hufanyika nyuma ya pazia wakati unaendelea na yako, halafu inahitaji kuzima na kuwasha ili imalizie, na folda ya Windows.old inakupa siku 10 za kubadili mawazo. Tatizo kubwa ni jingine: Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na kichakataji ambacho kompyuta nyingi za mtumba hazina. Kwa mwenye mashine ya namna hiyo, kuhamia Linux ni ushauri ninaoutoa bila kusita.

Wapo watakaosema, basi afadhali kukaa na ya zamani inayofanya kazi. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilisimamisha hospitali za Uingereza na ofisi katika nchi zaidi ya 150, kwa kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imelitolea kiraka tangu tarehe 14 Machi. Waliochelewa ndio walioumia zaidi. Na wapo wanaokimbilia upande wa pili, wakisukuma kila sasisho kwa mashine zote kwa mpigo. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja yenye kasoro kutoka CrowdStrike iliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, ndege zikabaki chini, na mashine nyingi zikahitaji mtu aende akae mbele yake kuifuta faili hiyo kwa mkono. Anza na mashine moja. Iache ifanye kazi halisi, na watu halisi, kabla ya kugusa ya pili.

Viwanda vikubwa vya kuchenjua madini hulifuata hili kwa nidhamu ambayo ofisi ndogo zinaweza kuiiga. Pampu na vali huongozwa na vidhibiti vidogo vilivyo karibu na mitambo. Kompyuta za chumba cha udhibiti zinawaonyesha waendeshaji hali na kupeleka maagizo yao. Seva za nyuma yake huwekwa mbilimbili, moja kazini na nyingine ya akiba. Ya akiba husasishwa kwanza, inasubiriwa ilingane na mwenzake, kisha kazi inahamishiwa kwake, na inaangaliwa kwa zamu nzima au zaidi kabla ile ya kwanza haijaguswa. Wakati wote huo kiwanda kinaenda kwa seva moja, na ikianguka hakuna wa kuipokea. Saa hizo ndizo za kuwa na watu wenye redio karibu na mitambo, na kamwe zisiangukie kwenye kubadilishana zamu.

Imebaki data, na hapa njia ya kurudi hujifunga bila mlango kupiga kelele. Fikiria depo ya kununulia madini kule Musompo, inayoandika uzito wa kila mzigo, kiwango cha kobalti na pesa iliyolipwa. Daftari lake ni PostgreSQL. Debian 12 ilikuja na toleo la 15, Debian 13 na la 17, na muundo wa faili zao haufanani. Debian haifuti la zamani. Unapoendesha pg_upgradecluster, data inanakiliwa kwenda 17 na ile ya 15 inabaki imezimwa mahali pake. Ni A na B tena. Lakini mzigo wa kwanza wa asubuhi ukishaandikwa kwenye 17, ile ya 15 imeshakuwa habari ya jana, na kurudi kwake ni kupoteza uzito ambao mchimbaji ameubeba mgongoni. Kwa hiyo uamuzi ufanywe kabla lango halijafunguliwa: fungua ankara za mwisho za jana, linganisha jumla na kitabu cha karatasi, chapisha risiti moja ya majaribio. Kama kuna lisilolingana, rudi kwenye 15 hapohapo. Kama yote yanalingana, fungua lango, na kuanzia hapo kosa lolote litarekebishwa kwa kwenda mbele. Amri ya pg_dropcluster, inayoifuta data ya 15, isubiri mpaka hesabu za mwezi zifungwe na kutiwa saini.